Nitajuaje Kwamba ni Mbwa Huyu?

Najua nimekuwa kimya, na wale wawili watatu walioniandikia barua pepe kuuliza kama blogu imekufa, jibu ni kwamba haijafa. Nilikuwa nimetingwa na kazi ya mteja, halafu nikajikuta nimeingia katika jambo ambalo sikutarajia hata siku moja kuliandika hapa, maana hapa tumezoea kuongea habari za programu, seva na wadudu wanaojificha ndani ya kodi. Leo naandika habari za mbwa. Mbwa halisi, mwenye manyoya na kupe wachache, anaitwa Chui, na kwao ni hapa Ngaremara.

Kwa msiopajua, Ngaremara iko kaunti ya Isiolo, kando ya barabara kuu inayotoka Isiolo mjini kuelekea Archers Post na kuendelea hadi Moyale. Wengi wetu hapa tunafuga, na mbwa wa huku si pambo la sebuleni. Analala nje na mbuzi, na fisi akisogea yeye ndiye wa kwanza kujua. Ukimuuza mbwa mzuri watu wanakushangaa.

Basi, binti wa jirani yetu aliolewa mwaka jana na kijana wa Wete, Pemba. Walikutana Nairobi, hayo mengine wanayajua wenyewe. Mume hakuwa na shauku ya mbwa, lakini alikubali kwa sharti kwamba mnyama alale nje na awe na kazi ya kufukuza tumbili shambani. Binti naye alikuwa amemlea Chui tangu akiwa kidole tu, na hakutaka kumwacha. Akaanza safari ya makaratasi.

Nataka kueleza safari hiyo kwa kirefu kidogo, kwa sababu hoja yangu yote iko humo.

Alikuwa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Cheti halali, kimepigwa muhuri, kimesainiwa. Kilisema hivi: mbwa, dume, rangi ya kahawia na madoa, umri miaka 3. Alikuwa na barua ya daktari wa mifugo inayosema mnyama ni mzima. Alijaribu pia kuuliza kuhusu kibali cha kuingiza mbwa upande wa pili. Ofisi ya kwanza ikamwambia aulize ofisi ya pili, ya pili ikamwambia kwamba hilo ni la wenzao wa Tanzania, na aliyempata kwa simu Tanzania bara akamwambia kwamba kwa Pemba ni lazima azungumze na Zanzibar. Huyo wa mwisho alikuwa sahihi, kwa njia. Mambo ya mifugo si mambo ya Muungano. Zanzibar ina wizara yake na taratibu zake, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ruhusa ya kuingiza mnyama Tanga na bado akawa hana ruhusa ya kumshusha Wete. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo mwanzoni, na yeye alidhani nchi ni moja.

Akafika bandari moja ndogo ya pwani yetu ya kusini. Sitaitaja. Afisa aliyemhudumia alikuwa mtu mpole, alisoma cheti, akamtazama Chui, akasoma cheti tena.

"Dada, karatasi hii ni nzuri," akasema. "Lakini nitajuaje kwamba ni mbwa huyu?"

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki tatu. Sisi waandishi wa programu tunalipwa kwa ajili ya swali hilo hilo. Una rekodi, na una kitu nje ya kompyuta. Ni nini kinachounganisha viwili hivyo? Kama hakuna kinachounganisha, huna rekodi, una hadithi. Kahawia na madoa! Hapa Ngaremara pekee naweza kukuonyesha mbwa kumi wa kahawia na madoa kabla chai haijapoa.

Afisa hakumruhusu, na mimi nasema alifanya sawa. Kilichofuata ndicho kilichonitia hofu. Binti alipokuwa amekaa chini ya mwembe na mbwa wake, nahodha mmoja alimjia. "Bibie, unajisumbua bure. Mlete saa nne usiku. Tunapakia viroba, nani atahesabu mbwa?" Bei aliyotaja ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kumrudisha Chui nyumbani.

Akanipigia simu. Hapa kijijini mimi naitwa fundi, wengi wanaamini natengeneza redio. "Kaka fundi," akasema, "nimpeleke usiku?" Nikamwambia subiri kwanza. Sikuwa na sababu ya maana wakati huo, nilikuwa naogopa tu wasije wakamtupa mbwa baharini. Sababu ya maana niliipata usiku ule nilipokaa kusoma.

Pemba ina historia na mbwa wanaovuka maji. Kuanzia 2010 kisiwa kile kilikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ya kichaa cha mbwa ikizunguka kwa wakati mmoja. Tunaijua idadi hiyo kwa sababu watafiti walifuatilia kila mbwa aliyeumwa na kila mtu aliyeng'atwa, kisha wakasoma jenomu nzima za virusi, wakalinganisha nani ni ndugu wa nani. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la eLife. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima, mwaka baada ya mwaka, ziliiua minyororo yote mitano, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Umetoweka kabisa, kwenye kisiwa chenye watu laki kadhaa! Ni jambo ambalo nchi kubwa zenye fedha zilihangaika nalo kwa vizazi.

Halafu kampeni zikalegea. Na mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena, si mara moja bali mara mbili. Virusi vya kichaa cha mbwa haviogelei. Vinakaa ndani ya mnyama, na mnyama anakaa ndani ya chombo. Mlipuko ukaanza upya, watu wakang'atwa upya, na iliwalazimu kurudia kuchanja kisiwa kizima mpaka Oktoba 2018 ndipo ugonjwa ulipozimwa kwa mara ya pili.

Sasa rudi chini ya ule mwembe na umsikilize nahodha: nani atahesabu mbwa?

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wawili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni yule anayesema vibali vya wanyama ni usumbufu wa kikoloni, njia ya kula pesa, mbwa ni mbwa. Huyo nadhani Pemba imeshamjibu. Wa pili ni yule anayesema tukaze sheria, faini ziongezwe, boti zikaguliwe usiku. Huyo naye haoni kwamba binti yule alikuwa tayari kufuata sheria. Alikuwa amefunga safari kutoka Isiolo mpaka baharini akiwa na karatasi mkononi! Kibali kisichoeleweka ndicho kinachompatia nahodha wateja. Kila ofisi inayomrusha mtu kwa ofisi nyingine inaongeza abiria mmoja kwenye boti ya saa nne usiku, na siku moja abiria huyo atakuwa na mate ya hatari.

Na hatari yenyewe si ya mchezo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59,000 kila mwaka, vingi Asia na Afrika, na karibu vyote vinatokana na kung'atwa na mbwa. Kenya ina mkakati wake wa kutokomeza ugonjwa huu, ulioanza 2014 na unaokwenda hadi 2030. Mkakati huo hautafaulu kama tutachanja mbwa bila kujua tumemchanja yupi.

Haya, tuingie kwenye upande wetu wa kompyuta.

Dawa ya swali la afisa ipo na ni ya bei ya kawaida: chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinaingizwa kwa sindano nene chini ya ngozi ya shingo. Watu wengi huku wanaamini ile chipu inamfuatilia mbwa kwa setilaiti. Hapana. Haina betri. Haijui iko wapi. Imelala tu pale miaka yote hadi mtu asogeze skana karibu, sentimita chache, na skana yenyewe ndiyo inayoipa nguvu kwa mawimbi ya kilohezi 134.2. Chipu ikiamka inasema kitu kimoja tu: namba yenye tarakimu 15. Kisha inalala tena.

Namba hiyo ina mpangilio mzuri ajabu, na mimi napenda vitu vilivyopangwa vizuri. Viwango vyake vinaitwa ISO 11784 na 11785. Tarakimu tatu za mwanzo ni msimbo wa nchi, ule ule wa kimataifa, yaani 404 kwa Kenya, 834 kwa Tanzania, 800 kwa Uganda. Zikianza na 9 basi mara nyingi ni msimbo wa kampuni iliyotengeneza. Tarakimu 12 zinazobaki ni za mnyama mwenyewe, na ndani ya chipu zimetengewa biti 38. Piga hesabu: mbili kuzidishwa yenyewe mara 38 ni zaidi ya bilioni 274. Kwa kila nchi! Hata tukichipu kuku wote wa Meru hatuzimalizi.

Lakini angalieni mtego hapa, na ndipo wauzaji wa teknolojia wanapowadanganya watu. Chipu haina jina la mbwa. Haina jina la mwenye mbwa, wala tarehe ya chanjo. Ni ufunguo mtupu. Ufunguo unahitaji jedwali, na jedwali lazima mtu alijenge, alitunze, na aliweke mahali ambapo afisa wa bandari anaweza kulisoma. Kliniki ikikuwekea mbwa chipu na kuandika namba kwenye daftari lililo kabatini mwake, umenunua ufunguo wa nyumba ambayo haijajengwa. Kwa hiyo mtu akija kuwauzia mradi wa chipu, swali la kwanza ni hili: hifadhidata iko wapi, na nani ataisoma siku ambayo wewe umeshafunga ofisi?

Jambo la pili ni mpangilio wa tarehe. Hapa wacha nitumie mfano wa Ulaya, kwa sababu kanuni zao zimeandikwa wazi na Wakenya wengi walioko ng'ambo wanakumbana nazo. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziamini kwa kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa wa kutoka huku anapita njia ndefu. Kwanza chipu. Kisha chanjo, ambayo hairuhusiwi kabla mbwa hajafikisha wiki 12. Kisha, siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, damu inachukuliwa na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa, ipimwe kama kinga imefika angalau 0.5 kwa kipimo chao. Kisha miezi mitatu ya kusubiri, ikihesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Kisha cheti cha afya ambacho muda wake wa kufika mpakani ni siku 10 tu.

Tuseme Chui amewekwa chipu na kuchanjwa Januari 5. Damu haiwezi kutolewa kabla ya Februari 4. Hawezi kusafiri kabla ya Mei 4. Ukichelewa wiki moja popote pale, kila kitu mbele kinasogea. Na ukichanja kwanza halafu ukaweka chipu kesho yake, chanjo ile haihesabiki, unaanza upya. Nimewaona watu wamelia kwa siku moja hiyo.

Mnaona hiki ni kitu gani? Kibali hiki si fomu. Ni programu. Ina hali ya mwanzo, ina hatua, kila hatua ina sharti, na masharti yenyewe ni tarehe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika kwa jioni moja. Lakini ofisi nyingi bado zinaionyesha kama orodha ya nyaraka za kuambatisha, bila mpangilio, na mtu anaambiwa amekosea baada ya miezi minne badala ya kuambiwa siku ya kwanza. Muda huo mrefu una sababu yake, sitaki mnielewe vibaya. Mbwa aliyeambukizwa anaweza kukaa miezi miwili mitatu anaonekana mzima, na wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana Uingereza ilikuwa ikiwafungia mbwa wa kigeni kwa miezi sita mizima, mpaka mwaka 2000 ilipoanza kukubali chipu, chanjo na kipimo cha damu badala ya kizuizi. Nadhani hayo ni mabadiliko bora kabisa ya kiteknolojia katika habari hii yote. Walibadilisha kuta na kuweka data.

Kwa njia ya maji lakini bado wana ukali wao. Ukitoka Ulaya na mbwa kuingia Uingereza lazima upite kwenye njia na kampuni zilizoidhinishwa. Boti yako binafsi haikubaliki, isipokuwa mfano unatoka Ireland. Wenye mashua zao wanalalamika sana kuhusu hilo. Mimi naelewa: feri ina mtu mwenye skana mlangoni, mashua ya mtu binafsi inaweza kuegesha popote. Na wenye nacho wanajaribu kila mahali. Mnakumbuka mwaka 2015 mbwa wawili wa mwigizaji Johnny Depp na mkewe wa wakati huo walivyoingizwa Australia kwa ndege binafsi bila kutangazwa? Waziri akatishia kwamba mbwa watauawa wasipoondolewa, na mwaka 2016 mke alikiri mahakamani kwamba alijaza kadi ya kuingilia nchini kwa taarifa za uongo. Wale walikuwa na mawakili. Binti wetu alikuwa na mwembe.

Sasa ngojeni niwaeleze Chui alirudije nyumbani, maana kuna kichekesho ndani yake. Basi hazikumtaka. Akapata lifti kwenye lori lililokuwa limeshusha mbuzi pwani na linarudi kaskazini tupu. Dereva akamwonyesha binti kibali cha safari aliyoimaliza: karatasi moja, mbuzi 80, rangi mchanganyiko. Mbuzi themanini, karatasi moja! Kama njiani kumi wangeuzwa na wengine kumi kupakiwa, karatasi ingebaki kuwa ya kweli.

Watu wa Isiolo tunajua thamani ya karatasi hiyo. Mji wetu tangu enzi za Waingereza umekuwa lango la mifugo ya kaskazini, na uwanja wa karantini wa serikali ulio jirani nasi ni mkubwa kuliko miji mingi. Tunajua pia gharama ya kutoaminika. Mwaka 2000 Homa ya Bonde la Ufa ilijitokeza Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika, na nchi za Ghuba zikafunga bandari zao kwa mifugo ya upande wetu. Saudi Arabia haikufungulia mifugo ya Somalia mpaka 2009. Karibu miaka kumi ya meli zisizopakia! Na huku kwetu, kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, ugonjwa huo huo ulipiga Isiolo na kaunti nyingine kadhaa, watu wakafa. Mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari ana swali lile lile la afisa wa bandari, isipokuwa yeye analizidisha kwa mbuzi elfu kumi: nitajuaje kwamba ni hawa?

Botswana walilijibu mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kuwamezesha ng'ombe wao bolasi zenye chipu ndani, zinakaa tumboni maisha yote, ili soko la Ulaya liendelee kununua nyama yao. Baadaye wakahamia hereni za masikioni. Hawakufanya hivyo kwa sababu wanapenda kompyuta. Walifanya kwa sababu nyama isiyo na namba ilikuwa inakosa mnunuzi.

Mtaniambia Kenya nayo ina mifumo. Ni kweli, na nataka kuwa mwadilifu. Dirisha moja la kielektroniki la biashara, lile la KenTrade, lilianza kutumika mwishoni mwa 2013, na leo mtu haendi tena kupanga foleni ofisi kumi kwa ajili ya mzigo mmoja. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ya Tanzania ina mfumo wake wa MIMIS. Hizi ni kazi kubwa na wenzetu waliozijenga wanastahili heshima. Lakini mifumo ya namna hii huzaliwa ikimtazama mwagizaji wa makontena, mtu mwenye wakala, leseni na kompyuta mezani. Binti mwenye mbwa mmoja na simu ya mulika mwizi hayumo katika ndoto ya aliyeichora.

Ningekuwa mimi ndiye ninayechora, ningeanza na kitu kidogo sana. Jedwali moja lenye safu nne: namba ya chipu, aina ya mnyama, chanjo gani, tarehe gani. Basi. Jina la mwenyewe libaki mahali pengine penye kufuli, afisa wa bandari halihitaji. Ulizaji ufanyike kwa nyota na reli, kama tunavyoangalia salio la M-Pesa, kwa sababu hapa Ngaremara kuna siku mtandao wa data unapotea tangu asubuhi lakini nyota na reli bado inapita. Unaingiza tarakimu 15, unarudishiwa mstari mmoja. Na kanuni za kila unakoenda ziwekwe kama tarehe: niambie leo kwamba naweza kuvuka Mei 4, usiniambie Mei 4 kwamba siwezi.

Ulaya walianza kutoa kitabu cha kusafiria cha mbwa na paka mwaka 2004, kimoja kinachokubalika nchi zote za Umoja wao. Sisi Afrika Mashariki tuna pasipoti ya pamoja ya watu. Sioni kwa nini mbwa anayetoka Isiolo kwenda Wete, au paka anayetoka Kampala kwenda Kisumu kwa boti, asiwe na ukurasa mmoja unaosomeka pande zote mbili za maji.

Nilimweleza mzee mmoja hapa wazo hili, jioni, tukiwa nje ya duka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka sana. "Fundi," akasema, "mimi kitambulisho changu nilikipata kwa kusailiwa mara ngapi, leo wewe unataka kumpa mbwa namba kwa siku moja?" Wote tukacheka, lakini hakuwa anatania tu. Watu wa kaskazini wamekaa miaka mingi wakihojiwa ukoo wao kabla ya kupewa kitambulisho, hadi rais alipotangaza kuufuta usaili huo Februari 2025. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba serikali inataka kuhesabu mifugo yake, hasikii afya wala soko. Anasikia ushuru, na anasikia mtu wa mjini akijua ana ng'ombe wangapi na wako wapi. Na katika nchi yenye wizi wa mifugo, orodha ya nani ana ng'ombe wangapi na wako wapi ni kitu cha hatari kikianguka mikono mibaya. Hoja hiyo sina jibu lake la haraka. Ndiyo maana nasema jina likae mbali na namba, na ndiyo maana nasema tuanze na mbwa. Hakuna anayetoza ushuru wa mbwa wa Ngaremara, na hakuna mvamizi anayekuja usiku kuwaiba.

Kuhusu bei ya chipu, sisemi kila mbwa awekewe kwa lazima. Kampeni za chanjo ziendelee bure na bila masharti, kwa sababu inahitajika kama asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ndipo ugonjwa ukatike, na ukiweka kikwazo chochote mlangoni hutafika huko. Chipu iwe ya mbwa anayesafiri tu. Hao ni wachache, na ndio walioirudisha Pemba nyuma.

Chui yuko hapa. Aliwekewa chipu wiki iliyopita na daktari aliyepitia Isiolo mjini, kisha akachanjwa upya siku hiyo hiyo, kwa mpangilio huo, nilisimama pale nikahakikisha. Namba yake nimeiandika kwenye cheti kwa mkono wangu na daktari akapiga muhuri juu yake. Binti yuko Wete kwa mumewe, na sasa anazungumza moja kwa moja na ofisi ya mifugo ya huko kuhusu kibali, akiwa na tarakimu 15 za kuwatajia. Wamemwomba awatumie nakala. Ile programu ndogo ya kupiga hesabu ya tarehe nimeshaiandika, ina mistari kama mia moja na ishirini, nitaiweka hapa nikimaliza kuondoa mdudu mmoja wa mwaka mrefu (Februari 29 inanitesa). Wenye kanuni za nchi nyingine zilizoandikwa rasmi nitumieni, Comoro na Oman hasa, nitaziongeza.